Range Rover Sport: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu vizazi na injini zake

Maswali haya ni yale yanayorudi kila mara watu wanapotaka kununua gari hili au wanapobishana juu yake kijiweni. Wengi huanza na bei. Mimi humrudisha mtu kwenye injini, kwa sababu jina "Sport" limebandikwa kwenye magari matatu tofauti kabisa, yenye injini zaidi ya ishirini, na magari mawili yanayofanana rangi na mwaka yanaweza kukupa maisha yasiyofanana hata kidogo.

## Mambo ya msingi

Range Rover Sport ni nini hasa, na linatofautianaje na Range Rover "kubwa"?

Ni gari la kifahari la kuvuta kwa magurudumu manne linaloundwa Solihull, Uingereza. Range Rover lenyewe lilizaliwa 1970, na kazi yake ni kumbeba mwenye gari kwa utulivu. Sport lilikuja miaka 35 baadaye kwa mtu anayetaka kukaa juu vilevile lakini gari lisiyumbe akikata kona kwa kasi. Paa lake limeshuka zaidi kwa nyuma na viti vinakukumbatia zaidi. Mlango wa buti ni kipande kimoja kinachofunguka kwenda juu, wakati ule wa Range Rover kubwa umegawanyika mara mbili na kipande cha chini unaweza kukikalia ukinywa chai.

Usilichanganye na Evoque (2011), Velar (2017) wala Discovery Sport. Hayo ni madogo zaidi na ni magari mengine.

Lilianza lini?

Januari 2004, kwenye maonyesho ya magari ya Detroit, Land Rover walionyesha gari la mfano la rangi ya machungwa lililoitwa Range Stormer. Lilikuwa gari la mfano la kwanza katika historia ya kampuni hiyo, lina milango miwili tu, nayo ikifunguka kwa mbwembwe. Watu walilipokea vizuri. Mwaka mmoja baadaye, palepale Detroit, likaonyeshwa gari la kweli lenye milango ya kawaida, na 2005 hiyohiyo likaingia sokoni.

Kuna vizazi vingapi?

Vitatu. Mafundi na wauza spea huviita kwa namba za kiwandani, nawe ukizikariri utaheshimika dukani:

L320, kuanzia 2005 hadi 2013, lilipigwa msasa, yaani kuboreshwa, kwa mwaka wa modeli wa 2010. L494, kuanzia 2013 hadi 2022, lilipigwa msasa mwishoni mwa 2017. L461 ndilo lililopo tangu 2022.

Nikiliona barabarani nitajuaje ni kizazi gani?

L320 ni la pembe pembe, kama sanduku lililopigwa randa kidogo. L494 lina taa nyembamba zinazozunguka kona ya mbele, na dirisha la nyuma limelala zaidi. L461 limenyolewa kila kitu: vitasa vya milango vimezama ndani ya bodi, na taa za nyuma ni mistari miembamba iliyounganishwa na ukanda mweusi.

Ukitaka uhakika, soma namba ya chasisi. Land Rover za Uingereza huanza na SAL, na herufi ya kumi ndiyo mwaka wa modeli: A ni 2010, B ni 2011, C ni 2012, D ni 2013, E ni 2014, na kuendelea, ila I, O na Q hazitumiki. Kabla ya 2010 ni tarakimu: 5 ni 2005, hadi 9. Kumbuka mwaka wa modeli si lazima ulingane na mwaka wa usajili. Gari lililosajiliwa Desemba 2009 linaweza kuwa tayari la modeli ya 2010, na kwa injini tofauti hiyo ni kubwa mno (tazama "Injini za kizazi cha kwanza").

Kampuni ni ya nani?

Gari lilipozaliwa mwenye mali alikuwa Ford, aliyeinunua Land Rover kutoka BMW mwaka 2000. Mwaka 2008 Ford akaiuza pamoja na Jaguar kwa Tata wa India. Si habari ya udaku tu: injini zote za kizazi cha kwanza zimetoka katika ndoa ya Ford na Jaguar, na injini ya V8 ya kizazi cha sasa ni ya BMW. Walioachana wamerudi kukopeshana sufuria.

## Kizazi cha kwanza (L320)

Injini za kizazi cha kwanza ni zipi?

Kabla ya modeli ya 2010 kulikuwa na petroli mbili za V8 (silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V) za ukoo wa Jaguar: 4.4 isiyo na turbo yenye nguvu za farasi zipatazo 300, na 4.2 yenye supachaja (pampu inayoisukumia injini hewa), farasi 390. Kwa dizeli kulikuwa na 2.7 TDV6 (herufi hizi tazama "Kusoma beji") ya farasi 190, kisha ikaongezwa 3.6 TDV8 ya farasi 272.

Kuanzia modeli ya 2010 V8 za zamani zikatoka, ikaingia 5.0: ile ya kawaida farasi 375, ya supachaja farasi 510. Dizeli ya 2.7 ikapisha 3.0 TDV6 yenye turbo mbili, farasi 245 na torki ya Nm 600. Kwa modeli ya 2012 hiyo 3.0 ikaongezwa hadi farasi 256, ikaitwa SDV6, na ikapewa gia boksi ya ZF ya gia nane badala ya sita. Kama moyo wako uko kwenye L320 ya dizeli, hiyo ya mwisho ndiyo ya kutafuta. Gia boksi peke yake inabadilisha gari.

2.7 si ndogo kwa gari zito hivi?

Ni ndogo. Gari lina karibu tani mbili na nusu. Mjini utaona sawa. Ukitoka kupita lori mlimani umejaza abiria na mizigo, utajifunza subira. Sifa yake ni kwamba nyingi za mwanzo hazina chujio la masizi kwenye ekzosi, hivyo haziumwi ugonjwa tunaoueleza kwenye "Dizeli ya kwetu".

Kwa nini fundi ananituma spea za Discovery?

Kwa sababu chini ya nguo, L320 ni Discovery 3, gari jingine la Land Rover, iliyofupishwa. Umbali kati ya ekseli za mbele na nyuma ni mm 2745, wakati wa Discovery 3 ni mm 2885. Chasisi, kompresa ya hewa, mikono mingi ya sapoti na injini za V6 ni ndugu wa tumbo moja. Ukiingia dukani ukasema "ya Range Sport" unaweza kutajiwa bei moja. Ukisema "ya Discovery 3", nyingine. Ulizia zote mbili.

Undugu huo una sura nyingine utakayoiona gereji. Siku moja nilimfuata jamaa aliyepeleka L320 yake ya 3.0 kubadilishwa turbo. Tulipofika tukakuta bodi nzima, na viti vyake na redio yake, inaning'inia kwenye lifti, na chini yake chasisi imesimama na magurudumu manne, injini iko wazi kama samaki aliyepasuliwa. Jamaa akashika kichwa. "Fundi, mmeniulia gari?" Fundi wala hakugeuka: "Tulia bosi. Hivi ndivyo mkono unavyofika." Na kweli. Kwa gari hili, kazi nyingi za nyuma ya injini ni rahisi zaidi ukinyanyua bodi kuliko ukijipenyeza. Muhimu ni kwamba fundi wako awe ameshaifanya kabla ya leo.

Ni kweli krankshafti ya dizeli V6 hukatika?

Ni kweli, na inahusu 2.7 na 3.0 zote mbili, pamoja na 3.0 iliyoendelea kwenye L494. Si kila injini, lakini ni tatizo linalojulikana dunia nzima. Krankshafti ni mhimili unaozungushwa na pistoni, na metali zake, yaani vipande unavyozungukia, hazina jino la kuzishika mahali pake. Metali moja ikizunguka, inaziba tundu la oili, krankshafti inakauka, inaungua, na mara nyingine inakatika vipande viwili. Huenda gari likazimika ukiwa barabarani bila kukupa hata wiki ya onyo.

Unachoweza kufanya ni kutunza oili. Ratiba ya kiwandani kwa nchi za baridi inaruhusu zaidi ya kilomita 20,000 kati ya oili na oili. Watu wanaozipenda injini hizi huigawa mara mbili, na kwa joto na foleni zetu mimi nisingevuka 8,000. Tumia oili ya kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Ile ya pipa isiyojulikana ilikotoka iache hapohapo.

Kwa 2.7 kuna la ziada: kasha la pampu ya oili huweza kupasuka pale linaposhikilia kikaza mkanda wa taimingi. Mkanda ukibadilishwa, badilisha na pampu. Usisahau pia kwamba injini hizi zina mkanda wa pili, wa nyuma, unaozungusha pampu ya dizeli. Mafundi wengi hubadilisha wa mbele, wanapokea hela, wanakuaga.

V8 za petroli je?

4.4 na 4.2 ni injini za watu wazima: zinabwia mafuta, lakini zikipewa oili na maji zinadumu. 5.0 ina nguvu tamu zaidi na matatizo zaidi. Zile za mwanzo zinajulikana kwa vikaza na miongozo ya cheni ya taimingi kuchakaa. Washa gari asubuhi likiwa baridi, boneti juu, redio imezimwa, na usikilize sekunde chache za kwanza. Ukisikia mlio kama kokoto ndani ya kopo, ondoka au omba punguzo la kufungua injini. Usichanganye na tiki-tiki nyepesi ya pampu ya mafuta, hiyo ni ya kawaida. Muuzaji aliyekwisha kuwasha gari kabla hujafika, gusa boneti yake. Ikiwa ya moto, rudi kesho.

## Kizazi cha pili (L494)

Nini kilibadilika 2013?

Karibu kila kitu. Chasisi ya Discovery iliachwa, na gari likajengwa kwa alumini, bodi na chasisi kitu kimoja, likitumia msingi wa Range Rover kubwa. Kampuni ilisema limepungua hadi kilo 420. Lilizinduliwa New York, Machi 2013, Daniel Craig akiliendesha katika mitaa ya Manhattan. Mwaka huohuo lilipanda mlima wa Pikes Peak, Marekani, kwa dakika 12 na sekunde 35.61, na likavuka jangwa la Rub' al-Khali, kutoka Wadi ad-Dawasir hadi mpaka wa Falme za Kiarabu, kilomita 849 kwa saa 10 na dakika 22. Waswahili wa Ghuba wanaolijua jangwa hilo watakuambia mchanga wake hauna utani.

Ukitoka kwenye L320 ukaingia L494, kitu cha kwanza utakachokisikia ni usukani. Lile la kwanza unaliamrisha na linafikiria kwanza. Hili linageuka.

Injini zake ni zipi?

Hapa orodha ni ndefu, maana injini ziliingia na kutoka katikati ya safari.

Dizeli: 3.0 TDV6 ya farasi 258; 3.0 SDV6 iliyoanza na 292 kisha ikawa 306. SDV8 ya lita 4.4, farasi 339, SDV6 ya haibridi (dizeli ikisaidiwa na mota ya umeme), jumla farasi 340, na 2.0 ya silinda nne, farasi 240. Mwishoni, kwa modeli ya 2021, V6 zikaondoka na nafasi yake ikachukuliwa na silinda sita za mstari mmoja za ukoo wa Ingenium, injini za kampuni yenyewe, zikiitwa kwa nguvu zake: D300, D350.

Petroli: 3.0 V6 ya supachaja, farasi 340; 5.0 V8 ya supachaja, farasi 510 na baadaye 525, 2.0 ya turbo, farasi 300. P400e ya kuchomeka umeme. P400 ya silinda sita za mstari mmoja kuanzia 2019. Na SVR, iliyo na swali lake hapa chini.

Wote wana gia boksi ya ZF ya gia nane.

Nichague ipi?

Kwa safari ndefu, SDV8 ya 4.4 ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Inavuta bila kelele na haimo katika hadithi ya krankshafti ya V6. Tatizo ni kuipata, maana nchi nyingi hazikuletewa. Baada yake ningechukua silinda sita za mstari mmoja, ya dizeli au petroli, mkoba ukiruhusu.

3.0 V6 ya petroli ni V8 iliyokatwa?

Karibu useme hivyo. Kasha la injini ni lilelile la V8 ya 5.0, ila matundu mawili hayakuchongwa kuwa silinda. Ukiifungua utaona pua ndefu isiyo na kazi. Faida ni kwamba ulaji wa mafuta ni nafuu kuliko V8. Hasara ni kwamba imerithi tabia za kaka yake, pamoja na mabomba ya maji ya plastiki chini ya supachaja yanayopasuka kwa uzee. Maji yakipungua bila kuona tone chini ya gari, anza kuuliza hapo. Alumini ikipata moto haisamehe.

SVR ni nini?

Ni Sport yenye hasira. Ilionyeshwa 2014 ikiwa na V8 ya 5.0 iliyopandishwa hadi farasi 550, na kwenye msasa wa mwisho wa 2017 ikafika 575, kutoka 0 hadi 100 kwa sekunde 4.5. Ekzosi yake inasikika kabla ya gari kuonekana. Kwa barabara ya lami iliyonyooka ni raha tupu. Kwa barabara za matuta kila mita mia, umelipa hela nyingi kununua tairi za inchi 21 au 22 zinazoogopa mashimo.

Injini ya 2.0 kwenye gari kama hili, si mzaha?

Ya petroli si mzaha kwa matumizi ya mjini: farasi 300 si haba. Ya dizeli ni nzito kidogo kwenye mlima, na cheni yake ya taimingi, iliyo upande wa gia boksi, ndiyo sehemu ya kuchunguza: kuifikia ni kazi kubwa. Zote zimetoka kiwanda cha injini cha Wolverhampton kilichofunguliwa 2014. Kivutio chake kwetu kiko kwenye ushuru (tazama "Kuagiza").

P400e inafaa mahali umeme unakatika?

Inaenda bila kuchajiwa, lakini basi unabeba betri ya kWh 13.1 kama mzigo. Ina injini ya 2.0 ya petroli na mota ya umeme, jumla farasi 404. Kiwandani walisema inaweza kwenda km 51 kwa umeme peke yake, kwa kipimo cha zamani cha Ulaya. Halisi ni pungufu. Kuonyesha ubabe waliipandisha ngazi 999 za Tianmen nchini China, 2018. Ukinunua iliyotumika, pima afya ya betri kwa kompyuta kabla ya kutoa senti.

Kila Range Rover Sport lina gia nzito?

Hapana, na hapa wengi hulizwa. Gia nzito ni zile za chini za ziada za kujinasua kwenye tope na miinuko. L320 zote zinayo. Kwenye L494 kulikuwa na transfa boksi (inayogawa nguvu mbele na nyuma) za aina mbili: moja ina gia nzito na inagawa nguvu 50 kwa 50; nyingine haina, ni nyepesi kwa kilo 18, na hupeleka nguvu zaidi nyuma, 42 kwa 58. Zote ni za magurudumu manne muda wote, kwa hiyo kwenye lami yenye mvua hutajua tofauti. Kwenye tope la shamba utaijua.

Angalia karibu na kishikio cha gia. Kama hakuna kitufe cha kushusha gia, huna. Usikubali maelezo ya "iko kwenye kompyuta".

## Kizazi cha tatu (L461)

Kuna jipya gani?

Lilizinduliwa Mei 2022 likipanda kwenye njia ya maji ya bwawa la Kárahnjúkar, Iceland. Lina umbali wa mm 2997 kati ya ekseli, sentimita 25 zaidi ya L320, lakini magurudumu ya nyuma nayo yanaweza kugeuka, kwa hiyo kwenye maegesho linajikunja vizuri kuliko unavyodhani.

Injini za silinda sita za mstari mmoja zimetawala: D250, D300 na D350 za dizeli kulingana na soko, P360 na P400 za petroli. Za kuchomeka zilianza P440e na P510e, zenye betri ya kWh 38.2 na hadi km 113 za umeme kwenye karatasi. Baadaye zikawa P460e na P550e. Juu yake iko P530, V8 ya lita 4.4 yenye turbo mbili kutoka BMW. SV ya 2023 inatumia V8 ya ukoo huohuo ikiwa na farasi 635, na unaweza kuiagiza na rimu za nyuzi za kaboni za inchi 23. Sijui nani ataziegesha Kariakoo.

## Kusoma beji

TDV6, SDV6, D300, P400e, HSE: nini ni nini?

HSE, SE, S, Autobiography ni viwango vya anasa: viti, redio, taa. Havikuambii injini.

TDV na SDV ni dizeli za V, na SDV ndiyo yenye nguvu zaidi. Kuanzia 2017 hivi wakarahisisha: D ni dizeli, P ni petroli, namba ni nguvu za farasi, na "e" mwishoni ni ya kuchomeka umeme.

Beji inaweza kudanganya?

Beji ni plastiki na gundi. Niliwahi kuonyeshwa kwenye yadi fulani L320 iliyoandikwa "Supercharged" ubavuni. Nikaomba boneti ifunguliwe. Palipotakiwa kuwa na supachaja palikuwa na 4.4 ya kawaida, imetulia zake. Muuzaji akacheka, akasema, "Aa, kaka, hiyo ni urembo tu." Urembo wa milioni kadhaa. Thibitisha injini kwa namba ya chasisi na kwa macho.

## Kuagiza, mafuta na barabara

Kuagiza: nianzie wapi?

Anza na sheria ya nchi yako. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na usukani uwe kulia. Hivyo L320 limeshafungiwa mlango, na utalipata la ndani tu. Uganda kikomo ni miaka 15. Tanzania haizuii kwa umri, ila hutoza ushuru wa ziada kwa magari ya zamani. Kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato ya nchi hiyo, kiko mtandaoni. Weka gari lako humo kabla hujatuma hela kwa mtu.

Ushuru wa bidhaa Tanzania hupanda injini ikizidi 2000 cc. Injini za 2.0 za Ingenium ni 1997 cc kwa petroli na 1999 cc kwa dizeli. Ndiyo maana P400e, yenye farasi 404, inaweza kuhesabiwa kundi moja na gari la kwenda sokoni upande huo wa hesabu. Thamani yake kubwa itakurudisha chini kwa upande mwingine.

La Dubai au la Uingereza?

La Uingereza lina usukani wa kulia, dizeli nyingi, na chumvi ya barabara za baridi: lala chini utazame kutu kwenye chasisi ya L320. La Dubai mara nyingi ni petroli, usukani kushoto, kavu chini, lakini raba, plastiki na mabomba vimeokwa na jua. Kwa Rwanda, Burundi na Kongo, wanaoendesha upande wa kulia wa barabara, la Dubai lina mantiki. Kuhamisha usukani wa gari hili kutoka kushoto kwenda kulia ni wazo la kuliacha.

Dizeli ya kwetu inafaa injini mpya?

Tangu 2015 kiwango cha Afrika Mashariki ni salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Dizeli ya Ulaya ambayo injini za Euro 6 (kiwango cha Ulaya cha moshi wa gari) zilitengenezewa ni 10. Gari litatembea, ila chujio la masizi litajaa haraka, hasa kama safari zako ni za kilomita tatu tatu kwenye foleni. Lipe barabara ndefu kila wiki ili lichome masizi. Jaza kituo kinachouza sana, si kile ambacho mafuta yamekaa.

Dizeli za Euro 6 zina pia tangi la AdBlue, kimiminika cha kusafisha moshi. Likikauka, gari ulilozima halitawaka tena, na hakuna fundi wa njiani atakayelibembeleza. Kabla ya kununua, hakikisha unajua pa kuipata.

Niko London, L320 ya dizeli inanifaa?

Dizeli zote za L320, na L494 za mwanzo ambazo ni Euro 5, hulipa tozo ya ULEZ, eneo la magari yenye moshi mdogo, na tangu Agosti 2023 eneo hilo limefunika London yote. Uliza pia bima kwanza. Wizi wa magari yasiyohitaji kuchomeka ufunguo uliongeza bei za bima kiasi kwamba mwaka 2023 kampuni ilitangaza kutenga zaidi ya pauni milioni 10 kuboresha ulinzi wa magari yake ya zamani.

## Maswali ya pembeni

Asubuhi nakuta gari limelala upande mmoja. Ni nini?

Mfuko wa hewa wa sapoti, unaobeba gari badala ya springi, au kiungio cha bomba kinavuja. Chukua futi ya fundi cherehani, pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi, pande nne, usiku na asubuhi. Pembe iliyoshuka ndiyo yenye kidonda. Usiachie likiwa hivyo, maana kompresa inafanya kazi mara mbili hadi nayo inakufa, na ugonjwa wa mfuko mmoja unageuka wa vitu viwili. Wapo wanaong'oa hewa na kuweka springi za chuma. Kwa L320 la kijijini sikulaumu. Kwa L494 ujue umetupa nusu ya sababu ya kulinunua.

Breki ya mkono inapiga kelele kama mbuzi anachinjwa.

Ya L320, breki ya umeme. Mara nyingi viatu vya nyuma vimepoteza marekebisho au vimejaa vumbi. Vifunguliwe, visafishwe na kurekebishwa, kisha mota irekebishwe kwa kompyuta. Ukiichelewesha, mota yenyewe itakwama.

Nimeambiwa chujio la masizi "limetolewa kitaalamu". Ninunue?

Uingereza gari la hivyo halipiti ukaguzi wa mwaka. Kwetu litatembea, lakini jiulize nani aliandika upya kompyuta ya injini na alibadilisha nini kingine humo.

Lina viti saba?

L494 tu, tena kwa kuagizwa: viti viwili vidogo vya umeme kwenye buti. Watoto watashukuru. Shangazi, hapana.

Injini imekufa. Niweke ya Japani?

Inawezekana kufunga injini yoyote ukiwa na mashine ya kuchomelea. Lakini gia boksi, sapoti, breki na dashibodi za gari hili huongea na injini kila sekunde. Ukiiondoa, zinabaki zikiuliza. Kwa L320 la V6, nunua injini iliyojengwa upya yenye krankshafti na metali mpya, au uliza bei ya Discovery 3 iliyogongwa nyuma.